Raundi Ambayo Fundi Alimwachia Mzee

Kabla mzee wangu, baba watoto, hajapooza upande mmoja, Jumapili kwetu Merigi tulikuwa tukitoka kanisani tunaingia kwa ngumi. Mimi hiyo ya ngumi sikuipenda hata kidogo.

Walikuwa wawili, mzee na rafiki yake fundi wa cherehani, mtu aliyetoka upande wa Kakamega akapanga chumba pale sokoni. Walikaa nje ya jikoni na kibuyu cha mursik, yale maziwa yetu ya kuganda, wakipiganisha kwa maneno mabingwa wawili wa ngumi za uzito wa juu ambao hawangeweza kukutana. Wa mzee alikuwa bingwa wakati wa vita, mzee akiwa askari Burma. Huko askari walionyeshwa sinema zake ndani ya hema. Wa fundi ni yule kijana wa siku hizo, mwenye mdomo mwingi, aliyeacha kanisa na kukataa jeshi. Yule wa vita alikuwa ameshazeeka, lakini hawa wawili walimrudishia ujana wake wakamtia ulingoni.

Walikuwa na sheria. Kusema tu umeshinda haikutosha. Ilibidi useme ngumi imetoka mkono gani, imepiga wapi, na yule mwingine alikuwa amesimama namna gani. Mwenzako akikubali, raundi ni yako. Sasa nani angekubali? Ng'ombe walilia kukamuliwa na hawa bado wako raundi ya nne.

"Huyo wako anacheza densi," mzee anasema. "Densi ikiisha atalala."

"Boiyot, na wako anatembea kama amebeba gunia ya majani chai. Atamfikia nani?"

"Nyamaza, mshona suruali."

Boiyot ni mzee kwa Kikipsigis. Fundi alijua maneno kama matano ya kwetu, na hilo alilitumia kwa uchokozi tu.

Halafu asubuhi moja mzee akaanguka katikati ya mistari ya chai, kikapu kikiwa mgongoni. Mkono na mguu wa kulia vikafa, mdomo ukavutwa upande. Yule mganga wa dispensari aliniambia, "Mama, huyu asikasirishwe. Damu ikipanda tena, utazika." Nilimwambia kila mtu aliyeingia kwangu. Fundi nilimwambia wa kwanza.

Jumapili fundi akaja, akakaa kando ya kitanda. Maneno ya mzee yalitoka polepole, lakini yalitoka.

"Raundi ya kwanza," akasema. "Wangu ametupa kushoto. Ya mbavu." Akangoja.

"Imeingia, boiyot. Imeingia kabisa. Raundi ni yako."

Mzee akamwangalia. "Wako alikuwa wapi?"

"Alikuwa amesimama tu."

"Amesimama? Yule?"

Ya pili ikawa hivyo hivyo. Kufika ya tano, yule wa mdomo alikuwa ameanguka chini bila kupigwa ngumi ya maana. Mzee akageuza uso, akaangalia ukuta.

Jioni alikataa uji. Wiki nzima hakuongea. Fundi aliporudi Jumapili iliyofuata, mzee akaniambia, macho wazi kabisa, "Mwambie nimelala." Nikaenda mlangoni nikadanganya, mimi mama wa kanisa, na ibada bado iko kwa masikio.

Nikamsindikiza fundi mpaka barabarani. "Shemeji," nikamwambia, "bishana na yeye kama zamani."

"Si ni wewe ulisema asikasirishwe?"

"Ni mimi."

"Na akifa nikiwa nabisha? Nitaangalia watoto wako na macho gani?" Akavuta ile futi yake ya kupimia nguo shingoni, akaizungusha mkononi, akaondoka.

Nilifunga siku mbili, nikamwomba Mungu aniambie kama nimwache mzee anyamaze apate kuishi, ama nifanye nini. Sikusikia kitu. Na mzee alikuwa anaisha nikimwona. Leo vijiko vitatu vya uji, kesho viwili.

Alhamisi nilitoka kupeleka majani kwa mizani, nikakaa kitandani na vumbi ya njia. Nilikuwa nimeanza ngumbaru, masomo yetu ya jioni pale kanisani, na kwa kujifunza nilisoma kila kipande cha gazeti kilichofunga sukari. Yule wa mdomo nilikuwa nimemsoma humo.

"Huyo wako wa vita angepigwa," nikasema.

Akaendelea kuangalia ukuta.

"Raundi ya kwanza. Yule mwingine anarudi nyuma, wako anamfuata, anapigwa ya jicho. Kushoto. Jicho linafunga."

"Kushoto ya nani?"

"Ya yule wa mdomo."

"Wewe hujui kitu." Akajisukuma na ule mkono mzima mpaka akaegemea ukuta. "Akirudi nyuma kuna kamba. Kamba! Hapo anaenda wapi? Kwa mama yake?"

Mate yalikuwa yanamtoka. Mshipa wa kipaji cha uso ukasimama, ukaanza kupiga, na mimi nikauona. Nikafungua mdomo niseme basi, umeshinda. Akaniangalia vile alivyomwangalia fundi.

"Anapita kando," nikasema. "Kamba haimshiki."

"Kando gani?"

"Kulia," nikasema, macho yangu kwa ule mshipa, nikiomba kimoyomoyo na huku ninamtafutia ngumi ingine.