Mkono wa mama na betri mpya

Leo baba yangu amemtongoza mama kwenye duka la spea, na hata hajui kama ametongoza.

Nisikilizeni.

Pikipiki ya mzee ni ya zamani na betri ilishakufa. Inawaka kwa kiki tu. Indiketa hazifanyi kazi, kwa hiyo wakifika kwenye kona, mama aliyepakiwa nyuma ndiye anayenyoosha mkono. Kijijini kwetu, Sindeni nzima wanamjua kwa huo mkono.

Leo tukaenda Mkata kununua betri. Muuzaji akatuwekea mbili: ya maji, ambayo ni nafuu, na kavu.

Mimi mjuaji nikasema, "Baba, si inawaka kwa kiki? Chukua ya bei rahisi."

Mzee akaishika ile kavu.

"Asidi ya hiyo ya maji ilishamtobolea mama yako kanga. Na mkono wake umechoka. Nataka indiketa."

Mama akajifanya anaangalia matairi. (Mama yangu na matairi wapi na wapi.)

Wakati wa kurudi nikawafuata nyuma na pikipiki yangu. Kwenye kona ya kuingia kwetu, indiketa ikawaka vizuri kabisa.

Na mkono wa mama ukanyooka.

Tulipofika nikamuuliza, "Mama, si indiketa ipo sasa?"

"Nimeiona. Ila betri nayo itachoka siku moja. Sitaki mkono usahau."

Mzee akainama kufuta vumbi kwenye tangi ambalo halikuwa na vumbi.

Wenye ndoa humu, hiki kitu nacho kinauzwa duka gani?