Pumzi ya Neema Kabla ya Kuanza

Admin, jina langu baki nalo wewe, maana kwenye kundi letu tulikuwa wanne tu na nikijitaja kidogo nimekwisha. Mimi ni binti wa miaka ishirini na tatu, naishi Kinyerezi na wazazi wangu, nipo mwaka wa mwisho chuo kikuu nasomea muziki. Napiga vayolini. Najua wengi mkisikia vayolini mnafikiria harusi za watu wenye hela, haya, chekeni kwanza, nimeshazoea.

Kundi letu lilikuwa la vayolini mbili, viola, ambayo ni vayolini kubwa kidogo, na selo, ile kubwa inayopigwa mtu akiwa ameibana magotini. Hatutumii kipaza sauti na hakuna mtu wa kusimama mbele kutupungia mikono. Anayeanzisha ni mpiga vayolini wa kwanza, na anaanzisha kwa pumzi. Anainua upinde wa kupigia, anavuta hewa puani mpaka wenzake wamsikie, kisha wote mnaingia kwa pamoja. Kwetu huyo alikuwa rafiki yangu, nimwite Neema ingawa si jina lake. Mimi nilikuwa vayolini ya pili, nimekaa ubavuni kwake miaka miwili. Pumzi yake naijua kuliko ya mama yangu mzazi.

Neema alikuwa na pumu. Jumamosi moja mwaka jana tulipiga kwenye ukumbi mdogo wa sanaa kule Kinondoni, ambao zamani ulikuwa sebule ya mtu. Viti havifiki hamsini, na waliokaa mbele magoti yao yanakaribia kugusa stendi zetu za nota. Tukianza kupiga feni zinazimwa kwa sababu ya kelele, na madirisha yanafungwa kwa sababu ya baa ya jirani, kwa hiyo joto lake mnaweza kulikisia. Kipande cha kwanza cha muziki kilipoisha nikasikia kifua cha Neema kinapiga mluzi. Wavulana wetu wawili, wa viola na wa selo, walitoka kunywa maji, tukabaki mimi na yeye nyuma ya pazia.

"Pampu yangu ya pumu imeisha tangu jana," akaniambia. "Shoga, mie cha pili siwezi. Tuwaombe radhi tuishie hapa."

Mwalimu anayetupa maksi alikuwa amekaa kule mbele. Muhula uliotangulia nilifanya vibaya na niliitaka ile siku kuliko kitu chochote. Nikamwambia, "Tuishie vipi na watu wamekaa? Dakika ishirini tu. Vuta pumzi, twende."

Aliniangalia kidogo, akafuta mikono kwenye sketi, akatoka. Alipiga vizuri kuliko siku zote, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi. Watu walisimama kutupigia makofi. Kesho yake mchana alizidiwa nyumbani kwao Ukonga, akapelekwa hospitali, hakurudi.

Mama yake ni mwalimu wa shule ya msingi. Baada ya matanga aliniita chumbani kwa Neema. Nikamwamkia, akaitikia, akanikalisha kitandani.

"Mwanangu, wewe ndiye ulikuwa karibu naye. Alilalamika kifua siku ile?"

"Hapana mama. Alikuwa mzima kabisa."

"Nilikuwa na madaftari ya kusahihisha, ndiyo maana sikuja," akasema. "Ningekuwepo ningemsikia tu. Mimi ndiye niliyemwacha."

Nilitakiwa kufungua mdomo pale pale. Sikufungua. Akachukua vayolini ya Neema akanipa niitunze, akasema sasa binti aliyebaki naye ni mimi. Tangu siku hiyo hunipigia kila Jumapili kuniuliza kama nimekula.

Sasa mimi ndiye vayolini ya kwanza, na kwenye kiti changu cha zamani kaingia binti wa mwaka wa pili ambaye Neema hakuwahi kumjua. Siku ya kwanza ya mazoezi niliinua upinde, nikatulia kidogo nijipange kabla ya kuvuta hewa. Wakaanza. Wote watatu, kwa pamoja, bila kukosea, na upinde wangu bado uko juu.

Nikawauliza, "Nani kawaanzishia?"

"Wewe hapo," akajibu Hamisi, mpiga selo wetu, mtoto wa Temeke asiyependa utani akiwa kazini. "Umevuta pumzi, tumekusikia."

"Sijavuta bado."

"Umevuta, sista. Tena leo kifua chako kina mluzi, kakinywee dawa."

Yule binti mgeni akatikisa kichwa kukubali. Mpaka sasa imetokea mara tatu. Mara ya tatu niliisikia mwenyewe, na haikutoka ubavuni wala nyuma yangu. Ilitoka kwenye kiti nilichokalia, kabla sijafungua kifua changu. Nilienda chooni nikalia.

Jumamosi ijayo tunapiga kumkumbuka Neema, ukumbi uleule, na tutafunga kwa kile kipande cha pili. Juzi mama yake alinipigia, ana uchangamfu ambao sijausikia tangu msiba.

"Nimeomba wanipe kiti cha mbele kabisa," akaniambia. "Hamisi kaniambia mnaanzaga kwa pumzi. Nataka nisikie alivyokuwa anafanya mwanangu."

Kifua kile amekilea miaka ishirini na mbili. Ule mluzi akiusikia ataujua, na macho yake yatanigeukia mimi.

Nyie akina mama, na nyie mliowahi kuzika, niambieni ukweli hata kwa matusi, nitasoma yote. Niende Ukonga nimwambie mama yake kwamba mwanawe aliomba kupumzika nikamkatalia, ili aache kujilaumu kwa yale madaftari, na mimi nimkose? Au ninyamaze nipige? Nijibuni mapema, kwa sababu Jumamosi nikiinua upinde sijui nani ataanza.