Kipande Kilichokuwa Kikienda Kwenye Ndoo

Kwa miaka ishirini na miwili Bi Shashi aliitupa tezi ya thaimasi kwenye ndoo nyekundu ya taka, na hakuna aliyewahi kumwambia asifanye hivyo.

Ni muuguzi wa chumba cha upasuaji wa moyo wa watoto. Husimama mkono wa kulia wa daktari, humpa kifaa kabla hajamaliza kukitaja, na huhesabu vipande vya shashi, kitambaa chepesi cha kufyonza damu, vinavyoingia na kutoka kifuani mwa mgonjwa. Hesabu hiyo ndiyo iliyompa jina. Kifua hakifungwi mpaka yeye aseme, "Zimetimia."

Mtoto mchanga akifunguliwa kifua, kitu cha kwanza kuonekana si moyo. Ni tezi laini, ya waridi iliyofifia, iliyoulalia moyo kama mto. Daktari hukata sehemu yake ili aone anachofanya. Wauguzi walikiita kipande hicho kitambi cha moyo. Kilishuka kwenye trei, kikatoka kwenye trei kikaingia kwenye ndoo, na kazi ikaendelea.

Kisha akalazwa mtoto wa kike wa miezi minne aliyezaliwa bila tezi hiyo kabisa. Aliwekwa katika chumba cha peke yake, chenye milango miwili na sinki katikati. Kila aliyeingia alinawa mpaka viwiko, akavaa joho, kofia na barakoa. Baba yake, mlinzi wa geti kwenye ghala la saruji, alimtazama mkuu wa idara akinawa mara ya pili kwa kuwa alikuwa amejikuna sikio, akasema, "Huyu sasa ndiye bosi wa hospitali." Jina la Bosi likabaki.

Bosi alikuwa na damu ya kutosha na moyo mzima. Alichokosa ni seli T, askari wa kinga ya mwili. Seli hizo huzaliwa ndani ya uboho wa mifupa zikiwa hazijui lolote, kisha husafiri hadi kwenye thaimasi kufunzwa. Bila tezi hakuna mafunzo, na bila mafunzo kila mdudu ni hatari. Mafua ya kawaida yangeweza kumuua.

Dawa ilikuwepo, na ilikuwa ndani ya ile ndoo. Fundi mkuu wa maabara, mwanamume mrefu anayeitwa Mzee wa Vichupa ingawa ana miaka arobaini na saba, alipanda ghorofani kuonana na Bi Shashi. Kipande kinachokatwa kwa mtoto wa upasuaji, alimweleza, kinaweza kuchanwa vipande vyembamba, kikalelewa maabara kwa wiki mbili na ushei, kisha kikapandikizwa kwa Bosi. Wazazi wa mtoto ambaye angepasuliwa kesho yake walikuwa wameshakubali.

"Kwa hiyo dada, kesho kitambi hakiendi kwenye ndoo."

"Kinakwenda wapi?"

"Maabara. Kwangu."

"Sawa kaka. Maabara."

Alimwachia chupa yenye maji ya kulishia tezi ibaki hai, ya rangi ya waridi, na kifuniko cha buluu. Bi Shashi aliipanga mwenyewe kwenye meza.

Mtu wa nje ya chumba kile asingeweza kufanya kosa lililofuata. Katika kazi ya Bi Shashi, kitu kinachotoka mwilini kina njia mbili tu. Kisichotakiwa huenda kwenye ndoo. Kinachokwenda maabara hutiwa fomalini, dawa ya kuhifadhi nyama isioze. Amefanya hivyo maelfu ya mara. Asubuhi ile daktari alikata tezi, Bi Shashi akakumbuka neno maabara, na mkono ukaenda ulikozoea. Shashi zilitimia. Kifua kilifungwa vizuri.

Nusu saa baadaye Mzee wa Vichupa alimkuta kwenye korido, chupa iliyoletwa maabara ikiwa mkononi.

"Dada, umeiweka kwenye nini?"

"Kwenye chupa."

"Chupa ipi?"

Bi Shashi alisikia harufu kabla hajaitazama. Fomalini huhifadhi umbo na kuua kila kilicho hai. Tezi ilikuwa imeshabadilika rangi, imekuwa ya kijivu.

"Ilibidi nikwambie usitie dawa," alisema Mzee wa Vichupa. "Sikusema. Nilisema maabara."

"Usinibebee lawama, kaka. Chupa yako niliipanga mwenyewe."

Fundi huyo hakupandisha sauti, siku ile wala baadaye, na Bi Shashi anasema angepigiwa kelele ingekuwa rahisi zaidi. Bi Shashi alikwenda mwenyewe kwa wazazi wa Bosi. Mama alikuwa ndani na mtoto. Baba alikuwa kwenye benchi nje ya mlango wa kwanza, na sare yake ya kazi. Bi Shashi alimweleza bila kupunguza neno. Mtoto mwingine wa umri unaofaa angefanyiwa upasuaji baada ya wiki tatu, na wazazi wake walikuwa bado hawajaulizwa.



"Sista, kazini kwetu kulikuwa na lori la saa nne," alisema mlinzi. "Kila siku saa nne, rangi moja, honi moja. Siku moja nikafungua geti bila kutazama. Halikuwa lenyewe."

"Ikawaje?"

"Saruji ikaondoka. Kwa hiyo mkono uliozoea naujua." Akasimama. "Lakini mwanangu si saruji."

"Najua, baba."

"Haya. Wiki tatu."

Siku ya tisa Bosi alishikwa na homa. Madaktari walimpa dawa tatu kwa mshipa, na kwa siku nne mama yake hakutoka chumbani ila kwenda msalani. Bi Shashi alipita kila zamu yake ilipokwisha, akasimama nyuma ya kioo. Hakuwa na cha kufanya pale. Homa ilishuka siku ya tano.

Mama wa mtoto wa pili aliulizwa na daktari mbele ya Bi Shashi. Alikuwa amemlaza mwanawe begani, akimpigapiga mgongoni.

"Wangu hataihitaji?"

"Inabaki sehemu yake ya kutosha. Hiyo inayozuia njia lazima tuikate hata ukikataa."

"Mkiikata huwa mnaipeleka wapi?"

Daktari alimtazama Bi Shashi. "Tunaitupa, mama," Bi Shashi akajibu.

"Mnatupa?" Alicheka kwa mshangao. "Jamani! Mpeni huyo mtoto."

Asubuhi ya upasuaji wa pili Bi Shashi aliamuru kila chupa ya fomalini itolewe chumbani. Daktari wa usingizi alipouliza kama wamehama nyumba, aliambiwa ashughulike na usingizi. Mzee wa Vichupa alisimama ndani ya mlango, amevaa joho na barakoa, chupa yake imefunguliwa tayari. Kipande kilikaa kwenye trei chini ya dakika moja.

"Kimefika?" Bi Shashi aliuliza bila kugeuka.

"Kimefika, dada. Hesabu shashi zako."

Kwa siku kumi na sita tezi ililelewa kwenye kabati la joto, imechanwa vipande vyembamba kama maganda ya kitunguu, kila kimoja juu ya sifongo ndogo. Maji ya kulishia yalibadilishwa kila siku. Seli T za mtoto aliyetoa tezi zilioshwa kidogo kidogo, likabaki jengo la mafunzo lenyewe. Bi Shashi alishuka kila mchana na chakula chake, akala wima nje ya mlango wa maabara.

Siku moja kabla ya kupandikiza, Mzee wa Vichupa aliwaeleza wazazi.

"Seli changa za Bosi zitaingia humo kama walinzi wapya," alisema. "Zitapewa mitihani miwili. Wa kwanza, unaweza kusoma kitambulisho cha nyumba hii? Asiyeweza, hafai. Wa pili, ukimwona mwenye nyumba, unampiga? Anayempiga, hafai vilevile."

"Wanaofeli mnawapeleka wapi?" mlinzi aliuliza.

"Wengi wao hufia humo humo. Katika mia hutoka wawili watatu."

"Mia wanaingia, wanatoka wawili?" Alimgeukia mkewe. "Kwetu anayefeli anapewa zamu ya asubuhi."

"Ndiyo maana saruji iliondoka," mkewe akamjibu, na Bi Shashi ilibidi atazame dirishani asicheke.

"Na mnaiweka kifuani?" mama aliuliza.

"Kwenye paja. Msuli wa paja una damu nyingi."

"Ofisi ikihamia pajani," alisema mlinzi, "hao askari wataijuaje?"

"Inawaita yenyewe, kaka. Wao wanafuata damu."

Vipande vilipandikizwa katika mapaja yote mawili, kazi ya chini ya saa mbili. Kisha ukafuata mwezi baada ya mwezi wa kusubiri. Damu ya Bosi ilichukuliwa, ikapimwa, na majibu yakarudi bila seli hata moja iliyotoka mafunzoni. Alijifunza kukaa, kisha kutambaa, ndani ya chumba chenye milango miwili. Mwezi wa saba Mzee wa Vichupa alimpigia Bi Shashi simu ya ndani akamwambia zimeonekana, chache, changa, za Bosi mwenyewe. Mwezi wa kumi zilitosha kumrudisha nyumbani.

Hakuna aliyejua kwa hakika kama askari hao wangefanya kazi. Kipimo huonyesha idadi, hakionyeshi ujasiri.

Wiki ya sita nyumbani, mama alipiga simu. 

"Sista, Bosi ana mafua. Kayapata kwa kaka yake."

Walimleta siku hiyohiyo. Kifua kilisikilizwa, damu ikachukuliwa, wakaambiwa warudi nyumbani na kumtazama, na wapige simu akipumua kwa shida. Kwa siku tano Bi Shashi alifanya kazi simu ikiwa imeachwa kwa muuguzi wa mapokezi, na kila alipotoka chumba cha upasuaji aliuliza kwa kuinua nyusi.

Siku ya tano mlinzi mwenyewe ndiye aliyepiga.

"Kamasi zimekauka, sista. Amekula, amenivuta ndevu, sasa anampiga kaka yake na kijiko."

"Mmempa dawa gani?"

"Maji ya uvuguvugu. Hatukumpa kingine."

Bi Shashi alishuka ngazi za maabara mbili mbili, jambo ambalo magoti yake hayajamruhusu kwa muda mrefu.

"Kaka, Bosi alishikwa na mafua."

Mzee wa Vichupa aliweka kichupa chini. "Yakafika kifuani?"

"Yameishia puani. Kapona mwenyewe."

Alivuta kiti akakaa. Bi Shashi alibaki amesimama, mkono kwenye fremu ya mlango, akihema. "Asante," alisema, kisha akalirudia neno hilohilo.

"Yule mama wa mtoto wa pili," Mzee wa Vichupa akasema, "anakuja kliniki ya moyo Alhamisi. Majina hayasemwi, unajua sheria. Lakini kwamba imefanya kazi, hilo anaweza kuambiwa."

"Nitamwambia mimi," alisema Bi Shashi.