Ukanda kwenye Kidole cha Dada

Kutoka Tanga nilipanda basi hadi Dodoma, treni hadi Shinyanga, kisha lori la mnunuzi wa pamba lililonishusha Dutwa, wilayani Bariadi, nikiwa vumbi tupu. Ilikuwa miaka ile wanunuzi binafsi walipoanza kushindana na ushirika, na vijana waliomaliza kidato cha nne walikimbilia Bariadi kutafuta kazi za kupima pamba kwenye mizani. Mimi nilimfuata dada yangu aliyenilea. Aliolewa huko, na nilisikia mikono inamsumbua.

Nilimkuta akichuma pamba kwenye baridi ya asubuhi. Vidole vyake vilikuwa vyeupe, halafu vikawa bluu. Alivipulizia pumzi hadi vikawa vyekundu. Uso wake ulivutika, mikunjo yote imepotea.

"Shemeji, dada yako anarudi usichana," jirani alinitania. "Mwambie atugawie anachopaka."

Dada alicheka kwa mdomo ambao tayari ulikuwa mgumu kufunguka.

Baadaye kidonda kilitokea kwenye ncha ya kidole chake cha shahada, kikawa cheusi kama mkaa. Mama mkwe wake, aliyempenda kama mwanawe wa kumzaa, alichukua ukanda wa ngozi ya ng'ombe akakikaza kidole kwenye shina, kama wanavyofunga mguu ulioumwa na nyoka.

"Weusi usikupande moyoni, mayu," alimwambia, akimwita mama kwa Kisukuma. "Vumilia."

Dada aliuma kanga, akavumilia.

Hospitalini Mwanza daktari aliukata ule ukanda kabla hata ya kutusalimu. Alisema ugonjwa wa dada unakaza ngozi na kusinyaza mishipa ya damu.

"Damu ilikuwa inafika kidogo sana. Hicho kidogo mmekifungia njia."

Kidole kilikatwa. Ugonjwa ukaendelea hadi kwenye mishipa ya mapafu, na msimu uliofuata dada hakuweza kufika jikoni bila kukaa chini njiani atafute pumzi. Alikufa pamba ikiwa bado shambani.

Siku niliyoondoka, mama mkwe alinisindikiza hadi kituoni.

"Nisingefunga, angekuwepo?"

"Yalikuwa mapafu, mayu. Siyo kidole."

"Lakini kidole angekuwa nacho."

Basi lilipofika nilimpa mkono. Hakuuachia. Alivipapasa vidole vyangu kimoja kimoja, akitafuta baridi, hadi kondakta akagonga bodi. Nimehama miji mingi tangu siku ile. Dutwa sijarudi.