Shati la Mshenga

Melkiori Kamugisha hajawahi kumaliza kikombe cha chai akiwa amekaa. Apolonia, mkewe, huviokota vikombe vya nusu nusu dirishani, juu ya friji, hata kwenye boneti ya gari, na kila akiokota kimoja husema, "Huyu mwanamume alizaliwa safarini." Walipofika Texas walipanga nyumba Vickery Meadow, mtaa wa Dallas. Melkiori akachoshwa na kelele, wakahamia Haltom City. Huko akachoshwa na ukimya, wakahamia Lewisville. Amekuwa mlinzi, amesambaza vifurushi, amefundisha watu udereva. Siku hizi anahudumia mashine za kusafisha damu za wagonjwa wa figo, na kazi hiyo ameivumilia kwa sababu inamruhusu kuzunguka kitanda hadi kitanda.

Watanzania wa Dallas wanampenda hivyo hivyo. Kwenye msiba ni wa kwanza kufika na wa kwanza kuaga. Na posa ikitaka kupelekwa, mshenga ni yeye, maana ulimi wake nao hautulii.

Safari hii posa ilikuwa ya nyumbani kwake. Rogers, mtoto wa marehemu dada yake, aliyemlea tangu akiwa darasa la pili, alikuwa amempata Consuelo. Binti alikuwa mweusi kama wao, lakini na mama yake aliongea Kihispania. Kwao ni Guinea ya Ikweta, nchi ndogo ya Afrika iliyotawaliwa na Wahispania, na mama mtu alikuwa mjane anayeishi Houston.

"Mjomba, huyo mama ni mgumu," Rogers alimwambia. "Ameshakataa watu wawili. Na Consuelo ameniambia straight, bila baraka za mama yake, it's over. Please, ongea vizuri."

"Mimi ndiyo unaniambia niongee vizuri?"

Alicheka, lakini tangu siku ile usingizi ukamruka. Dada yake alipokuwa akikata roho alimshika mkono na kumwambia, "Huyu nakuachia wewe." Melkiori alikuwa amemsomesha, amemvusha bahari, na sasa kimebaki hiki kimoja. Alikiogopa kuliko vyote.

Basi akajiandaa kwa namna yake, yaani kwa miguu. Aliisoma nchi ya wakwe kwenye simu, huku anapanda ngazi za kazini. Visiwa na kipande cha bara. Kisiwa cha Bioko, mji wa Malabo, mashamba ya kakao. Wabubi, Wafang na wengine. Uhuru mwaka 1968. Baadaye mafuta. Akafika kwenye picha ya rais wa kwanza, mtu mwembamba ndani ya suti. Chini ya picha kulikuwa na maelezo marefu, lakini zamu ilikuwa inaanza, naye akaona inatosha. Mtanzania gani asiyejua rais wa kwanza ni nani? Ni Baba wa Taifa. Picha yake hukaa ukutani katika kila ofisi, na watu humvaa kwenye kanga na mashati siku za sherehe. Sehemu iliyobaki ya hadithi Melkiori aliimalizia mwenyewe kichwani.

Akaichapisha ile sura kwenye kitambaa cha kijani na cheupe, akampelekea Rukaya, fundi cherehani wa Vickery Meadow, amshonee shati.

"Umemuuliza Rogers?" Apolonia alitaka kujua.

"Sapraizi haiulizwi."

"Kuuliza si ujinga, Melki."

"Na kuchelewa si uungwana. Panda gari."

Rogers alibaki nyumbani, maana bwana harusi haendi kujiposea. Njia nzima ya kwenda Houston Melkiori alibadilisha redio, akafungua dirisha, akalifunga, akasimama vituo vya mafuta ambavyo hawakuvihitaji. Shati alikuwa amelificha ndani ya koti, na jasho lilimtoka na kiyoyozi kinavuma.

"Mjumbe hauawi," alijisemea walipokuwa wakishuka.

"Lakini hufukuzwa," akajibu Apolonia.

Mama yake Consuelo, Doña Milagrosa kama alivyoitwa kwa heshima, aliwapokea vizuri. Alikuwa mama wa miaka sitini na kitu, mnyoofu, asiye na maneno mengi. Akawamiminia kahawa, akakaa, akamwashiria binti yake atafsiri. Melkiori hakukaa. Alisimama katikati ya sebule akaanza kwa Kiingereza chake cha sherehe. Akasema wameona ua zuri katika bustani hii, Consuelo akatafsiri huku anatabasamu. Akasema wao ni watu wa heshima. Mama akaitikia kwa kichwa. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri, na hapo ndipo mtu mwingine angekaa akanywa kahawa yake.

Melkiori akalivua koti. "Na kwa heshima ya Baba wa Taifa lenu!" akasema, akaipiga ile sura kifuani kwa kiganja.

Kikombe cha mama kilipinduka. Kahawa ikatambaa mezani, ikadondoka sakafuni, na hakuna aliyeishughulikia. Doña Milagrosa aliinuka, akaingia chumbani. Consuelo akamkimbilia.

"Nimefanya nini?" Melkiori alikwenda dirishani, akarudi, akaenda tena. "Polo, nimefanya nini?"

Apolonia alikuwa ameshatoa simu. Alisoma pale mumewe alipoachia, akasoma mpaka chini, na uso ukambadilika. "Melki, hukusoma? Huyu mtu aliua watu wake. Walimu, mapadri, majirani. Wanasema theluthi nzima ya nchi ilikufa au kukimbia."

Vidole vya Melkiori vilianza kuhangaika na vifungo. Vikamshinda, akalivua shati kwa kichwani, akabaki na singlendi. Ufunguo wa gari ulikuwa mkononi tayari. Aibu ilimchoma mpaka machozi yakamlenga, na alichotaka ni kimoja tu, kukimbia.

Mlango wa chumbani ukafunguliwa. "Siéntese," alisema mama. Neno hilo halikuhitaji mkalimani. Melkiori akakaa.

Aliongea polepole, Consuelo akitafsiri na kusitasita, maana yeye mwenyewe alizaliwa Madrid na mengine alikuwa anayasikia kwa mara ya kwanza. Sura ile, mama alisema, walilazimishwa kuitundika hata kanisani. Katika ukoo wao binti huombwa kwa mjomba, kaka wa mama yake. Kaka yake huyo alikuwa mwalimu, aliyependa miwani yake kuliko viatu. Walimchukua asubuhi, mbele ya wanafunzi. Mama mwenyewe akavuka kwenda Kameruni akiwa msichana, na mpaka leo hajui kaka yake alizikwa wapi.

"Leo nilijiuliza, nani atakaa hapa badala yake," alisema. "Ndipo wewe ukaniingizia aliyemuua."

Melkiori aliurudisha ufunguo wa gari mfukoni.

"Wewe ni nani kwa huyo kijana?" mama akauliza.

"Mjomba wake. Mama yake alifariki. Alikuwa dada yangu."

Consuelo alipotafsiri, mama akarudia taratibu, "Kaka wa mama yake." Kisha akanyoosha mkono apewe lile shati. Akalikunja mara mbili, sura ikiwa nje, akainama, akaipangusa ile kahawa mezani na sakafuni, kona kwa kona, bila haraka. Alipomaliza akalitupa kwenye ndoo ya taka.

Akaingia ndani, akarudi na shati jeupe lililopigwa pasi, la marehemu mumewe. Melkiori akalivaa. Lilimbana mabegani. Mama akammiminia kahawa nyingine, naye akainywa pale pale alipokaa, mpaka machicha, huku Apolonia akimtazama kama anayemwona kwa mara ya kwanza.

Walipofika mlangoni simu ilikuwa inaita. Rogers. Melkiori hakuthubutu kuipokea. Alianza kulifungua shati alirudishe, lakini Doña Milagrosa akamzuia mkono, akasema kitu, na Consuelo akafunika mdomo kabla ya kutafsiri.

"Anasema ulifue. Utamrudishia siku ya harusi."