Chumvi ya Bi Mizani

Dada yangu mkubwa alipika katika kantini ya kiwanda cha nguo kwa miaka ishirini na saba, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyemwona ameshika kijiko cha kupimia. Chumvi aliichota kwa vidole vitatu, akairusha kwenye sufuria la watu mia tatu huku anagombana na mleta mkaa, na ikawa sawa. Wafanyakazi wakambandika jina la Bi Mizani, naye jina hilo likamkaa. Siku aliyostaafu walimwandikia hilo hilo juu ya keki. Akaila, akasema sukari imezidi.

Mwaka huu amenipeleka puta, na chanzo ni shemeji, mumewe.

Shemeji alikuwa dereva wa lori, mtu wa maneno mengi. Mwaka jana akapata kiharusi, upande wa kushoto ukalegea. Hospitali wakamrudisha nyumbani na karatasi ya maelekezo: mazoezi, chakula chenye chumvi kidogo, na juu ya yote akae wima kwenye kiti kwa muda wa saa mbili kila siku. Shemeji akachagua kulala. Ukimkalisha, anateremka taratibu kama nguo iliyoanikwa vibaya, na baada ya dakika kumi amerudi kitandani. Dada alimbembeleza, akamfokea, akamnunulia redio. Haikusaidia. Bwana wa hospitali anayemfanyisha mazoezi alituambia mbele ya shemeji mwenyewe kwamba akiendelea hivi mpaka mwisho wa mwaka, mgongo utasahau kazi yake na hatakaa tena.

Halafu siku moja tukampeleka kliniki ya macho. Pale wanaposubiri wagonjwa pana tangi dogo la kioo lenye maji ya bahari, na ndani yake samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe. Foleni ilikuwa ndefu. Shemeji akakaa kwenye benchi akiwatazama wale samaki, mgongo umenyooka, hata kuomba maji hakuomba. Jina lake lilipoitwa alinuna kwa kukatizwa. Dada alitazama saa ya ukutani, akanitazama mimi, nikajua nimekwisha.

Mimi natengeneza vyerehani. Kutwa nzima naongea na vyuma, na vyuma havijibu, ndiyo maana tunaelewana. Mbele ya watu ulimi wangu hufa ganzi. Dada huniita Domo Zege tangu tukiwa wadogo. Lakini alisema lazima niende naye dukani, kwa kuwa fundi ni fundi, nitajua kama wanatuuzia takataka.

Duka la samaki wa mapambo lilikuwa la binti mmoja mwenye miwani, mpole, asiye na haraka. Dada alitaka tangi dogo kuliko yote, lililoweza kukaa juu ya kabati la vyombo. Binti akamwambia tangi dogo sana ndilo gumu: maji yakiwa machache, kosa dogo linaharibu yote. Hapo dada alielewa haraka, kwa sababu hata sufuria kubwa huficha kosa ambalo sufuria ndogo hulitangaza. Wakakubaliana lita sitini.

Baada ya hapo hawakukubaliana tena. Binti alitaja kipasha joto, dada akasema nyumba yake ina joto la kutosha. Binti akaeleza kwamba kazi yake ni kuzuia maji yasipoe usiku, joto libaki lile lile. Dada akasema samaki hao wana mambo kuliko mgonjwa wake. Pampu ya kuzungusha maji aliikubali, ila akataka isiyo na kelele, akaniamuru niziwekee sikio zote tano. Nilisimama pale nimeinamia pampu kama daktari, wateja wananipita. Taa alikataa nyeupe, akakataa ya buluu, mwisho akachukua ile ya kwanza aliyoikataa. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Nilitamani kumwambia, nikameza mate.

Yakaja mawe. Binti alisema ni mawe hai, yametoka kwenye maji ya bahari, yana vidudu visivyoonekana vinavyokula uchafu wa samaki.

"Mawe hai," dada akasema. "Na hayo nayo nitayapikia?"

"Hapana mama. Ila usiyachemshe."

Dada akauliza nani kamwambia atayachemsha. Lakini mimi namjua, tayari alikuwa ameshachagua sufuria.

Mwisho binti akaweka mezani kisanduku cha plastiki chembamba, ukubwa wa kiganja, chenye mshale ndani. Ukikijaza maji, mshale unapanda kadiri chumvi ilivyo. Katikati pamepakwa rangi ya kijani, na mshale ukisimama hapo, maji yanafaa.

"Cha nini hiki?"

"Cha kupimia chumvi, mama."

Nikatazama sakafu. Dada akavua mkoba begani, akauweka chini, akamuuliza yule binti kama anajua anaongea na nani. Binti hakujua, kwa hiyo akaelezwa. Ilichukua karibu robo saa, kuanzia siku ya kwanza kantini mpaka keki. Wateja wawili waliacha shughuli zao wakasikiliza. Binti naye akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nimekuelewa mama. Lakini samaki hawezi kukuambia imezidi."

"Watu mia tatu walikuwa na midomo," dada akasema, "na hakuna aliyeniambia."

Akakisukuma kisanduku kikarudi upande wa pili wa meza. Hapo ndipo nilipotakiwa kusema neno, hata moja. Nilibeba mawe nikaenda nje.

Nyumbani tulilipanga tangi sebuleni, mbele ya kiti cha shemeji. Chumvi ilikuwa ile maalumu ya ndoo, maana binti alikataza kabisa ya jikoni. Maelezo ya kiasi yalikuwa yameandikwa kwenye mfuniko. Dada akaukalia mfuniko. Akachota, akakoroga, akachovya kidole, akaonja, akatema. Bado. Akaongeza. Bado. Shemeji akauliza kutoka chumbani anapika nini. Akajibiwa: bahari. Akauliza kama kuna mkate.

Binti alikuwa ameagiza tangi likae wiki sita bila samaki, mawe yafanye kazi yake kwanza. Hilo dada hakulipinga, alisema hata unga lazima uumuke. Kila asubuhi alionja. Maji yakipungua aliongeza jagi, na jagi nalo lilikuwa na chumvi, kwa sababu kila asubuhi ulimi ulimwambia chumvi imepungua. Shemeji hakutoka chumbani. Alisema akitaka kutazama maji na mawe atangoja mvua inyeshe barabarani.

Wiki ya tano binti akampa konokono wawili wa kusafisha kioo. Kesho yake wote wawili walikuwa wametoka majini, wamejibana chini ya mfuniko wa tangi. Dada akawarudisha kwa mwiko. Wakapanda tena. Alisema wanapunga hewa. Mimi nikawatazama wale konokono na kuona kwamba wana ujasiri ambao mimi sina: kitu kimewashinda na wamesema.

Basi nikaamua kwenda kununua kile kisanduku kwa siri. Njia nzima nilirudia sentensi moja: naomba kipima chumvi. Nikafika, binti akaniuliza kwa upole, "Umekuja kuchukua kijavu, kaka?" Nikaitikia kwa kichwa. Nikarudi nyumbani na kijavu cha kuvulia samaki. Siku iliyofuata palikuwa na wateja watatu, nikatoka na kopo la chakula cha samaki. Siku ya tatu nilinyoosha kidole tu, na sikukishusha mpaka kisanduku kikafungwa kwenye mfuko.

Ilikuwa Alhamisi. Samaki walitakiwa kuchukuliwa Jumamosi. Nilimkuta dada anafuta kioo, nikachota maji bila kumwomba ruhusa. Mshale ukapanda, ukapita kijani, ukagonga juu kabisa na kukwama hapo.

"Kibovu," dada akasema.

Nikakimwaga, nikakijaza maji ya bomba. Mshale ukalala chini kama inavyotakiwa. Nikarudia maji ya tangi, ukagonga juu. Akasema plastiki za siku hizi ni za kichina cha uongo, akasema sikukishika sawasawa, akasema yule binti anavitengeneza makusudi ili watu wanunue samaki wengine. Kisha akachovya kidole, akaonja, na safari hii hakutema upesi. Alikaa na yale maji mdomoni muda mrefu.

Kutoka chumbani shemeji akaniita. "Imezidi?"

"Imezidi, shemeji."

"Kiasi gani?"

"Mshale umegonga juu."

Halafu akasema, "Basi pimeni na mchuzi."

Dada akasimama mlangoni mwa chumba akauliza mchuzi umefanya nini. Shemeji akamjibu bila ubishi, na hilo lenyewe lilitisha, kwamba mchuzi una chumvi nyingi tangu mwaka jana. Alidhani kiharusi ndicho kilichomharibu ulimi, kwa hiyo akanyamaza, akawa anakula.

Dada akageuka akaitazama friji. Karatasi ya hospitali ilikuwa imebandikwa kwenye friji, maneno ya chumvi kidogo yamepigiwa mstari, na aliyeyapigia mstari ni yeye. Kila siku alirusha vidole viwili badala ya vitatu, akaonja, akaona haina kitu, akaongeza. Ulimi wake ulikuwa umezeeka kimyakimya, na nyumba nzima ikauheshimu.

Akanigeukia. "Na wewe? Kila Jumapili unakula hapa."

Nilikuwa nakula, ndiyo. Nilikuwa nakunywa glasi tatu za maji juu yake, nikisema asante dada. Nikatazama sakafu.

"Domo Zege," akasema, na hakuwa anatania.

Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nilidhani atalia, au atalivunja tangi. Badala yake akaniuliza, kwa sauti ya mtu aliyechoshwa na ukoo mzima, kama nitasimama hapo mpaka konokono wafe. Nikapiga simu dukani, na kwa kuwa nilikuwa nimeshaaibika vya kutosha, maneno yalitoka yenyewe. Binti akasema tutoe maji kidogo kidogo na kuweka maji yasiyo na chumvi yaliyochujwa, tupime kila mara, tusiharakishe, ichukue siku mbili au tatu. Akaongeza kwamba maji yanaporuka hewani chumvi hubaki, ndiyo maana kinachopungua hujazwa maji matupu. Dada alisikia. Akasema hata mchuzi ulioachwa motoni uko hivyo, mjinga gani asiyejua hilo.

Tatizo likawa nani apime. Mimi nilikuwa na ndoo. Dada alikataa kukigusa kile kisanduku, alikitazama kama mke mwenza. Shemeji akasema aletewe, yeye ataona. Nikampelekea kitandani. Akiwa amelala, kisanduku kililala naye, na mshale ukazunguka ovyo.

"Unakiinamisha," dada akasema kutoka mlangoni. "Ndiyo maana kinadanganya."

"Sikiinamishi."

"Kimelala kama wewe. Kitasoma nini?"

Shemeji akaniambia nimpeleke kwenye kiti. Tulimburuta mimi na dada, wote watatu tukilaumiana. Akakiweka kisanduku juu ya goti la kulia, akakishika kwa mkono mzima, akasogeza uso. Alikuwa na furaha ambayo sikuiona kwake tangu aumwe. Miaka zaidi ya thelathini ya ndoa alikuwa hajapata siku ya kumwambia mwanamke yule kwamba chumvi imezidi, na sasa alikuwa na ushahidi mkononi.

Dada akamimina jagi. Nikachota sampuli.

"Imezidi," akasema shemeji.

Jagi lingine.

"Bado imezidi."

Alipoanza kuteremka kwenye kiti, kisanduku kikainama, na dada hakumwachia. Alisema anaiba, hayo si matokeo. Shemeji akakanyaga kwa mguu wa kulia, akajivuta, akanyooka kama mtu wa kupigwa picha, akasema soma sasa, soma mwenyewe, imezidi au haijazidi. Dada akainama akasoma. Imezidi.

Ikaendelea hivyo. Mimi nabeba ndoo kutoka jikoni, wao wanabishana juu ya upana wa kidole kimoja. Kila akilegea anaambiwa anainamisha, na kila akiambiwa anajinyoosha kwa hasira. Nilipokuwa nimeweka ndoo ya tano chini na kujishika kiuno, dada akatazama saa. Zilikuwa zimepita saa mbili na dakika kumi. Samaki hawakuwamo ndani ya lile tangi, wala kitu kingine, isipokuwa mawe na konokono wawili wenye kinyongo. Nikafungua mdomo nitaje muda. Dada akanikanyaga mguu.

"Polepole na hizo ndoo," akaniambia. "Binti kasema tusiharakishe."

Usiku sikuweza kugeuka kitandani kwa mgongo. Asubuhi ya Ijumaa, kabla sijachemsha chai, simu ikalia. Ilikuwa dada. Alisema shemeji ameamka, amekaa kwenye kiti tangu alfajiri, anauliza yule wa ndoo yuko wapi, na pia amesema mchuzi wa jana hauna ladha hata chembe. Nikamuuliza amemjibu nini. Akasema amemjibu akae wima, anainamisha kisanduku.