Soketi Sita za Mama Jada

Kwa miaka minne msichana Drateru alifunga umeme katika nyumba za watu bila kuelewa alichokuwa akikifunga. Msimcheke. Alijifunza kwa mjomba wake Aliga, na mjomba Aliga alifundisha kwa kidevu: alikielekeza kwenye waya, wewe ukafunga, na ukiuliza swali ulipewa koleo ushike. Nyekundu hapa, nyeusi pale, taa ikiwaka kazi imekwisha. Na taa ziliwaka! Kuanzia Ayivu hadi Koboko walimwita fundi, naye akatembea kifundi, bisibisi nyuma ya sikio.

Jambo moja tu lilimkera. Waya ya soketi ilitoka kwenye kisanduku cha swichi, ikapita soketi moja baada ya nyingine, na ilipofika ya mwisho mjomba alitaka irudi tena kisandukuni, ifungwe kwenye swichi ile ile ilikotokea. Ya nini? Hata isiporudi, soketi zote zinafanya kazi. Drateru aliona ni kumaliza waya bure.

Basi siku waya ilipomwishia Koboko, katika nyumba ya Emilia, hakujisumbua kwenda Arua kununua nyingine. Alifika soketi ya sita, akakomea hapo, bomba la kupitishia waya ya kurudi likabaki tupu ukutani. Kisha, mjomba asigundue, akachomeka kisandukuni vipande vya waya vyenye urefu wa kidole, vionekane kama ncha zilizorudi. Mjomba alichungulia, akaridhika, wakaenda zao.

Mwaka huu alijiandikisha kwa mafunzo huko Arua, apate cheti. Jumanne moja asubuhi mwalimu Igga alichora ubaoni mstari uliozunguka na kurudi ulikoanzia.

"Mpira naisha," akasema. "Watu ya Onduparaka nataka kutoka uwanjani. Geti iko mbili. Mimi nafunga moja. Nini nafanyika?"

"Natoka, lakini nabanana!" darasa zima likajibu kwa kelele.

"Umeme pia iko hivyo."

Drateru aliruka kutoka kwenye benchi. Kumbe! Waya hairudi kwa urembo. Inarudi ili kila soketi ilishwe kutoka pande mbili, mzigo ugawanyike, waya nyembamba iweze kubeba mengi bila kuchemka. Na swichi ya kisandukuni, inayojizima mzigo ukizidi, inapimwa kwa kuhesabu njia zote mbili. Ikibaki njia moja, waya itaungua na swichi imelala fofofo. "Mwalimu, naelewa! Sasa naelewa!" Miaka minne ya ukungu ilimwondoka kwa pumzi moja, na furaha ikampanda hadi akataka kumkumbatia mwalimu wa watu.

Pumzi iliyofuata ikamkumbusha Emilia.

Emilia, mfanyabiashara aliyetoka Sudan Kusini, mama yake Jada, alikuwa amenunua oveni mbili za umeme. Na siku ya kuanza kuoka mikate ilikuwa hiyo hiyo Jumanne! Drateru akapiga simu. Ikaita, ikaita. Anayekanda unga hana mkono wa kupokea simu. Akachukua mita yake ya kupimia umeme, akanunua dukani waya na soketi moja ya akiba bila hata kuomba apunguziwe, akapanda gari la Koboko.

Aliingia bila hodi. Harufu ya mkate ilikuwa tamu, na chini yake harufu nyingine, ya plastiki inayoungua.

"Mama Jada, zima! Zima yote!"

"Mkate iko ndani, dada!"

Drateru hakungoja. Alizima swichi kubwa, akagusa kifuniko cha soketi ya kwanza, akaurudisha mkono haraka. Kilikuwa cha moto.

"Lakini soketi yote iko nafanya kazi," Emilia alilalamika, mikono imejaa unga.

Hapo angeweza kusema oveni ni mbovu. Angeaminiwa, maana yeye ndiye fundi. Badala yake akafungua kisanduku, akachomoa vile vipande vya waya, akavishika mbele ya macho ya mwenye nyumba.

"Iko nafanya kazi, lakini iko mbaya. Mimi ndiye nafanya mbaya. Nadanganya mjomba, nadanganya wewe. Leo nakuja kutengeneza."

Emilia akapangusa unga mikononi, akampisha.

Drateru alibadilisha soketi ya kwanza na waya yake iliyobabuka. Akavuta waya mpya katika bomba tupu, kutoka soketi ya sita hadi kisandukuni. Kabla ya kufunga ncha akazipima kwa mita, mwanzo na mwisho, nayo ikalia kuonyesha njia ni nzima: nyekundu, tii! Nyeusi, tii! Ya ardhi, tii! Drateru alipiga vigelegele peke yake, kama mwendawazimu. Mara ya kwanza maishani alijua kwa nini.

Wakawasha oveni zote mbili, wakangoja saa nzima. Kifuniko kilikuwa baridi.

Emilia alimshika mkono, akamwingiza chumba cha pili, nyuma ya ukuta ule ule wa soketi ya kwanza. Godoro jembamba lilikuwa sakafuni, limegusa ukuta huo. Juu yake watoto wawili walilala, mmoja amemkumbatia mwenzake.

"Jada na dada yake," Emilia akasema. "Iko nalala hapa tangu asubuhi. Homa."

Drateru akakaa chini sakafuni. Emilia akaenda kumletea mkate.